Vipande Viwili vya Mviringo Kutoka Ukuta wa Babu

Nyumba ya 9, Kichochoro cha Wasokota Nyuzi,
Fez ya Kale.
Jumapili, 9 Desemba 2018.

Mpendwa Shangazi Lubna,

Kabla ya yote nataka kujua kama kile kikohozi chako kimekuachia, na kama binamu yangu Safae amepona jino. Bibi ameniagiza niulize pia kama huko Liège mnapata mnanaa wa kweli wakati huu wa baridi, au mnakunywa majani makavu ya kwenye pakiti. Alisema nisiandike neno jingine lolote mpaka niwe nimeliuliza hilo, kwa hiyo nimeuliza.

Sisi huku hatujambo. Baba ana mafua lakini anakwenda posta kama kawaida. Mama ni mzima. Mimi najiandaa na mitihani ya Januari. Alama zangu za fasihi ni nzuri, na za fizikia nisingependa kuzitaja, ingawa utaona mbele kwamba fizikia imenifaa mara moja. Baridi imeingia mpaka ndani ya kuta, na asubuhi pumzi inaonekana hata jikoni.

Nimeandika barua kwa sababu unajua simu ya kwetu ilivyo. Baba huweka sauti ya nje, kila mtu anasema kwa pamoja, na zamu yangu ikifika nasema "hatujambo, alhamdulillahi", halafu namrudishia. Nina shukrani ambazo haziwezi kuenea katika "hatujambo". Na kuna jambo moja nililolifanya ambalo sijamweleza mtu nje ya nyumba hii.

Kifurushi chako kilifika salama. Bwana Thami, uliyemkabidhi huko, alikileta mwenyewe mpaka mlangoni, na alikataa kuondoka kabla hajajua ndani mna nini, kwa sababu njia nzima kutoka Ubelgiji kilikuwa kikimgonga magoti. Baba alipokifungua na kutoa kile kikombe cha chuma cha kutobolea vigae, chenye ukingo wa almasi, Bwana Thami alionekana kusikitika kidogo. Nadhani alitegemea saa.

Mengine uliyasikia kwenye simu, lakini sidhani kama kuna aliyekueleza hali ya Bibi ilivyokuwa hasa. Nitakueleza mimi.

Tangu avunjike nyonga mwezi wa nne, Bibi hakuweza tena kushuka ngazi za hamamu kwenda kuoga. Miaka hamsini alikwenda kila Alhamisi, na ndoo yake ya shaba na sabuni yake nyeusi, na kurudi jioni akiwa mwekundu kama komamanga, na habari za mtaa mzima. Baada ya kuanguka, Mama akawa anamwogesha jikoni katika beseni la kufulia, mlango umezuiwa kwa kiti. Tulikuwa hatusikii kitu ila maji. Akitoka hapo alikuwa anakaa amegeukia ukuta, hasemi na mtu mpaka usiku uingie. Bibi, Shangazi, ambaye huzungumza hata na paka wa jirani.

Daktari alisema majira ya baridi yasimkute anaoga vile. Baba akaanza kutaja nyumba za kupanga mjini mpya, zenye bafu na lifti. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Abdelali, mwanangu, nyumba hii nitatoka mara moja tu, na siku hiyo nitakuwa nimeshaoshwa." Baba hakutaja tena mjini mpya, ila alianza kuvuta sigara juu ya paa.

Ndipo likaja wazo la kufanya bafu katika chumba kidogo cha Babu cha kutawadhia, pale pembeni mwa ua. Chumba kinatosha, mfereji wa maji machafu upo, kilichokosekana ni bomba la maji ya moto na la maji baridi. Na mabomba hayo hayakuwa na njia nyingine ila kupita katikati ya ukuta ule wa vigae vya kijani alioupanga Babu kwa mikono yake. Lahsen, fundi bomba, aliupima kwa mkono wake na kusema atavunja eneo la hatua moja kila upande, apitishe mabomba, kisha abandike vigae vyeupe vya kiwandani. Alisema kwa wema kabisa, kama mtu anayekupunguzia kazi. Bibi alisema heri abaki na uchafu wake.

Wewe ndiye uliyesema kwenye simu kwamba jikoni kwako ulitoboa tundu la mviringo katikati ya kigae kilichokwisha kubandikwa, peke yako, siku ya Jumapili, na hakikupata hata ufa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Nilimwona Bibi akigeuka kutoka ukutani.

Basi asante kwa kikombe, na asante zaidi kwa ile karatasi ya maelezo uliyoiandika kwa mkono wako, yenye maneno pale juu: "Ghita asome, wengine wasikilize." Nimeibandika ndani ya jalada la daftari langu. Hakuna mtu aliyewahi kuandika kwamba wengine wanisikilize.

Lakini hawakusikiliza, Shangazi, na kosa la hilo nalibeba mimi nusu nzima.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita Baba alimwita Fundi Bouchta. Unamkumbuka vizuri kuliko mimi, kwa kuwa alijifunza kukata vigae mbele ya Babu tangu ana miaka tisa, na wewe umewahi kusema alikuwa akikuibia zabibu kavu ulipokuwa mdogo. Alikuja na nyundo yake ya makali mawili, imefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Alikichukua kikombe chako, akakigeuza, akachungulia upande wa pili. "Hiki ni cha kukatia biskuti," akasema, akamrudishia Baba.

Chini ya ngazi kulikuwa na vigae sita vya kijani vilivyobaki tangu Babu alipoujenga ukuta ule. Sita tu, na hakuna tanuri linalotoa tena kijani kile. Tukakubaliana kujaribu kwanza kwenye hivyo, kabla ya kuugusa ukuta.

Nilisoma karatasi yako. Maji yadondoke muda wote. Mashine ya kutobolea izunguke polepole. Ile swichi ya kupigapiga izimwe. Ubao wenye tundu ukandamizwe juu ya kigae, ili kikombe kikae ndani yake na kisiteleze mwanzoni. Na kigae kisigongwe kwa kitu chochote. Nilisoma kwa sauti yangu hii unayoijua. Wakatikisa vichwa.

Kisha Fundi Bouchta akasema hakuna kigae kinachokatwa bila kufunguliwa. Ndivyo wanavyofanya karakanani tangu zamani, iwe nyota, iwe duara, iwe jani: pigo la kwanza dogo la ncha ya nyundo, ili chombo kipate pa kukaa. Ubao ni kwa watu wasiojua kupiga. Baba anauza stempu, lakini ni mtoto wa mkata vigae; alikubali palepale.

Fundi akapiga. Nukta ndogo kama punje ya dengu, safi kabisa, katikati. Baba akaweka kikombe, akawasha mashine ya Lahsen, nami nikadondosha maji kwa sifongo. Kigae kilipasuka vipande vitatu.

Cha pili, Fundi alipiga taratibu zaidi. Hapo mimi nilikuwa nimeinama karibu na sifongo langu, nikaona. Kabla mashine haijawashwa, kutoka kwenye ile nukta zilikuwa zimekimbia nyuzi tatu nyeupe, nyembamba kama nywele za Bibi, chini ya ule mng'ao wa kijani. Kigae kilikuwa kimekwisha kufa kabla hatujakigusa. Nilijua. Karatasi yako ilikuwa mkononi mwangu na imeandikwa. Nikanyamaza, kwa sababu Fundi Bouchta ana miaka sitini na tano na mimi nina kumi na sita, na kwa sababu walikuwa wanaume watatu na wote wanasema.

Cha tatu kikapasuka. Baba akahisi pengine tatizo ni maji. Fundi akamuunga mkono, akasema maji ni ya kunawia, si ya kukatia. Cha nne kikakatwa kikavu. Kilitoa moshi, mng'ao ukaruka kama magamba ya samaki, nacho kikafuata wenzake. Lahsen, aliyekuwa anangoja na mabomba yake, alisema nyinyi watu wa vigae mnaubembeleza ukuta kama bibi harusi, na mwisho wa bembelezo ni huu.

Bibi alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake, blanketi magotini. Kila kigae kilipolia alikuwa anazungusha pete yake. Baada ya cha nne alimwita Mama. Alisema, kwa upole sana: "Vimebaki viwili. Waambie waache. Nawe nichemshie maji ya beseni, binti yangu."

Sijui kama naweza kukueleza lile neno "beseni" lilivyonifanya. Nilimwona akilini amegeukia ukuta, si siku ile tu, bali majira yote ya baridi. Na nilikuwa nimejua tangu kigae cha pili.

Fundi alikuwa amekwisha chukua kigae cha tano amalizie ubishi wake. Nikasema, "Usipige, Fundi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wote wakanitazama, hata Lahsen. Nilitazama sifongo, nikasema lote mara moja ili nisije nikaishiwa pumzi. Nilisema nyundo inakata kwa kupasua, na karakanani ufa una pa kwenda, kwa sababu fundi hupunguza ukingoni na kipande kinaangukia nje. Hapa tunakata katikati. Ufa hauna pa kutokea, kwa hiyo unazunguka ndani mpaka uvunje kigae kizima. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amesema jambo kama hilo kuhusu kioo, somo lile nililopata alama mbaya.

Fundi Bouchta aliinama. Aliokota kipande cha kigae cha tatu, akalowesha kidole kwa ulimi, akakipitisha juu ya nukta yake mwenyewe, akakiinua kwenye mwanga. Akakiangalia kwa muda mrefu.

"Umeliona hili tangu cha ngapi?"

"Cha pili, Fundi."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, Fundi."

"Babu yako Driss angekupiga kofi," akasema. Kisha akaifunga nyundo yake katika kitambaa. "Halafu mimi angenipiga mawili. Haya, mwalimu, soma upya. Polepole. Na safari hii ukimaliza mstari, ungoje tuufanye."

Hata sasa ninapoandika nashukuru kwamba alisema vile. Mtu wa umri wake, mbele ya fundi bomba, angeweza kusema maneno mengine.

Ubao tuliupata jikoni: ule wa zamani wa Mama wa kupelekea mikate tanurini, uliopasuka pembeni. Seremala wa pale chini alitutobolea tundu sawasawa na kikombe. Baba aliukandamiza, Fundi akashika mashine mwenyewe kwa sababu alisema mikono ya Baba imezoea bahasha, mimi nikadondosha maji. Ilichukua muda kama wa kuchemsha chai na kuimimina. Kisha mlio ukabadilika, ukawa mzito, na kikombe kikazama. Fundi akazima, akakipindua, akakigonga kiganjani, na kipande cha mviringo kikaanguka: kijani juu, udongo wa rangi ya asali chini, ukingo laini kama wa sarafu. Kigae kilibaki kizima na tundu lake. Lahsen alisema tu, "Kumbe," akaanza kufungua mabomba yake.

Tulikiacha cha sita kama kilivyo, endapo litatokea baya, tukaenda kwenye ukuta. Lahsen alionyesha pa kupita, lakini akasema anaweza kusogea mkono mmoja huku au huku. Bibi akaomba aletwe. Tulimbeba na kiti chake mpaka mlangoni pa kile chumba, akautazama ukuta kama mtu anayetafuta sura anayoijua katika picha ya harusi. Akanyoosha fimbo yake.

"Hivyo viwili," akasema. "Vile vilivyopinda kidogo. Hivyo alivipanga siku tuliyogombana."

Sasa sikiliza, Shangazi, kwa sababu hili linakuhusu. Bibi alisema ilikuwa wiki uliyozaliwa. Babu alitaka upewe jina la mama yake, naye Bibi alikwisha kuchoshwa na mwenye jina hilo, mama mkwe wake, akasema mtoto ataitwa Lubna au hataitwa. Babu akaenda kumalizia hasira zake ukutani. Akapanga viwili, vikapinda, akaviacha hivyohivyo, akarudi ndani na kusema, "Lubna, basi." Miaka arobaini na minane vimekaa pale, na sisi sote tumetawadha mbele yake bila kujua.

Basi tukatoboa hivyo. Cha kwanza nilisoma, wakafanya. Cha pili sikuhitaji kusoma. Vyote viwili vikatoka vizima.

Hapo ndipo Lahsen alipojaribu kupitisha bomba pamoja na ile ala yake ya nje ya kuzuia joto lisipotee, likagoma. Tundu lilikuwa dogo kwa unene wa penseli. Hatukuwa na kikombe kikubwa zaidi, na duka la vitu kama hivyo halipo hata mjini mpya. Baba alikuwa ameuliza. Niliona kosa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyewatoa kwenye nyundo.

Fundi Bouchta akanigeukia. "Mwalimu, karatasi ya Lubna inasemaje tundu likiwa dogo?"

"Haisemi, Fundi."

"Vizuri," akasema. "Basi hapo ndipo ninapoanzia mimi."

Akafungua kitambaa chake. Maisha yake yote amekata akiwa amekaa, kigae juu ya chuma chake. Hajawahi kukata ukuta uliosimama. Alipiga magoti juu ya mkeka, akashika nyundo karibu kabisa na kichwa chake, akaanza kuula ukingo wa tundu kutoka ndani, punje kwa punje, kila pigo likielekea kwenye uwazi. Ufa sasa ulikuwa na pa kwenda. Nililiona hilo, naye aliniona nikiliona, akatabasamu upande mmoja. Alimaliza matundu yote mawili kabla ya adhana ya alasiri. Ukipitisha kidole hujui mashine imeishia wapi na nyundo imeanzia wapi.

Alhamisi iliyopita Bibi aliingia. Mama alimsaidia kufika kwenye kile kiti cha mbao, akamwachia ndoo ya shaba na sabuni yake nyeusi, na kutoka. Mlango haukuzuiwa kwa kiti, ulirudishwa tu. Mvuke ulitoka juu ya mlango ukapanda uani. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na kitabu ambacho sikukisoma. Alikaa humo karibu saa nzima, nasi tulimsikia akizungumza. Mwanzo tulidhani anatuita.

Unajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa ameomba kipande kimoja cha mviringo kilichotoka ukutani, na sisi tulifikiri anataka kukiweka kando ya kitanda. Bibi hawezi kukiona kitu cha udongo bila kukipa kazi. Alikuwa anasugua visigino vyake kwa ule upande wa chini wenye kukwaruza, na kusema: "Polepole, Driss. Polepole. Haya, yamekwisha, tumepatana."

Alitoka mwekundu kama komamanga, na jioni ile alizungumza mpaka tukachoka. Paka wa jirani naye alipata habari zake.

Kwa hiyo asante, Shangazi. Asante kwa kikombe, ingawa kimeyasikitisha magoti ya Bwana Thami. Asante kwa karatasi. Asante kwa kuniamini nikiwa bado sijajiamini, na unisamehe vile vigae viwili ambavyo vingekuwa vizima leo kama ningefungua mdomo mapema. Nilimwomba Bibi msamaha pia. Alisema vipande vyake vitafaa kushikilia vyungu vyake vya mrehani, na kwamba niache kulia juu ya sahani za kuskusu za watu.

Kile cha kigae cha tano ninacho mimi, mezani, juu ya daftari la fizikia. Kipande cha pili cha ukutani kimo ndani ya bahasha hii, kimefungwa kwa soksi ya pamba ili kisimgonge mtu njiani. Ni kutoka kigae cha pili alichokipinda Babu, kwa hiyo nadhani ndicho alichokuwa anakibandika alipoamua. Bibi alinikabidhi mwenyewe, akasema: "Mpe mwenye jina lake."

Nisalimie binamu Safae, na umwambie aje wakati wa kiangazi nimwonyeshe matundu. Baba na Mama wanakusalimu sana. Fundi Bouchta anakusalimu, na anasema zabibu zile alizikuta sakafuni. Bibi anakuombea heri kila Alhamisi, sasa akiwa safi, na anasema dua ya mtu aliyeoga hufika mapema zaidi. Mungu akulinde na baridi ya huko na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema kwenye simu,

Ghita